Kurasa Zilizoachwa Wazi: Wajibu wa Raia na Kiongozi Wakati wa Misukosuko

(Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu, aliyewahi kuwa Katibu wa Baraza la Wazee, katika kongamano la Wiki ya Jubilei ya miaka mia moja ya usharika)



Kwanza namshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Pili naishukuru Kamati ya Historia iliyonipa heshima ya kusema mbele yenu. Nilipewa mada ndefu, nayo ni wajibu wa raia na uongozi wakati jamii na siasa zinapotikisika. Nilipoitafakari niliona kwamba nikisema mambo ya jumla tu, mtanipigia makofi na kwenda kula chakula, na hakuna atakayekumbuka neno. Kwa hiyo nimeamua kusema juu ya kitu kimoja kilichomo katika ofisi ya usharika wetu, ambacho wengi wenu hamjakiona. Kitu hicho ni daftari.

Ni daftari la zamani, jalada lake limeliwa na mende, na kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Ndani yake wazee wetu waliandika majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliolala, pamoja na sadaka ya kila Jumapili. Sadaka nyingine ni senti, nyingine ni ndizi, mahindi, mayai. Likijaa daftari moja, lilifuatia jingine, hata yakawa mfululizo wa miaka mingi. Kamati ilipoanza kuandika kitabu hiki cha Jubilei, vijana wetu walisoma madaftari hayo yote. Wakaja kwangu na swali. Waliona kwamba kuna mahali maandishi yanakoma, kurasa kadhaa zimeachwa wazi, kisha maandishi yanaanza tena. Wakaniuliza, "Mwalimu, hapa palitokea nini?"

Waliniuliza mimi kwa sababu mwandiko unaotangulia kurasa hizo ni wangu, na mwandiko unaozifuata ni wangu pia. Mada yangu ya leo ni jibu la swali lao. Lakini ili mlielewe jibu, sharti nianze mbali kidogo.

1. Walioandika wakati hapakuwa na mkaguzi

Injili haikuja katika nchi hii ya Meru kwa utulivu. Wamisionari wa kwanza kutumwa kwetu na Shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale Akeri mwezi Oktoba 1896. Kisasi cha Serikali ya Kijerumani kiliwaumiza babu zetu vibaya. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa mwaka 1902. Basi tangu mwanzo, Kanisa letu limezaliwa katika msukosuko, na damu ya pande zote mbili ilikuwa imekwisha kumwagika kabla ya kengele ya kwanza kupigwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi na Arusha mwezi Machi 1916. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walianza kufika katika miaka iliyofuata kusaidia, na Wajerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Hesabuni wenyewe. Kwa muda huo, sharika nyingi za Kilimanjaro na Meru zilikuwa kama watoto waliofiwa na wazazi. Mabwana wa zamani walikuwa wameondoka, na mabwana wapya walikuwa bado hawajajua hata majina ya vijiji.

Ni nani aliyeshika Kanisa? Ni walimu na wazee, watu weusi kama sisi, ambao hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Wengi wao walikuwa wamesoma miaka michache tu, tena mshahara wao ulikuwa umekatika. Walifundisha watoto kusoma, wakaendesha ibada, wakazika wafu, wakapatanisha waliogombana. Usharika wetu ni mtoto wa kizazi hicho. Walioujenga walikuwa wamekwisha kujifunza jambo moja kubwa, kwamba kazi ya Mungu haingoji mpaka mambo yatulie.

Nikilifungua daftari lile la kwanza, ninachokistaajabia si ushujaa. Ni hesabu. Mtu aliyeandika "ndizi, mikungu miwili" katika mwaka ambao hakuna mmisionari wala mkaguzi ambaye angemwuliza, alikuwa akimwandikia nani? Angeweza kula mkungu mmoja, na historia isingejua. Aliandika kwa sababu alijiona kuwa anawajibika mbele ya Mungu na mbele ya wale walioleta mikungu ile. Huo ndio mwanzo wa uraia. Kabla ya kudai haki mbele ya Serikali, mtu hujifunza kutoa hesabu kwa jirani yake.

Mwezi Mei 1940, wakati wa Vita ya Pili, Wajerumani walikamatwa tena na sharika zikabaki bila wao kwa mara ya pili. Safari hii mshtuko ulikuwa mdogo, kwa maana watu walikuwa wamezoea kutembea kwa miguu yao. Kutoka katika shule hiyo ngumu walitokea viongozi kama Stefano Moshi, ambaye mwaka 1963, sharika na makanisa ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa Kanisa moja, aliwekwa kuwa mkuu wake wa kwanza.

2. Ngare Nanyuki, 1951

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtoto wa Meru alilisikia kwa bibi yake.

Baada ya Vita ya Pili, Serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Tayari wakati huo mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima, na watu wetu walibanwa juu bila nafasi ya kupanukia. Tume ilipendekeza kwamba Wameru waliokuwa Ngare Nanyuki na Leguruki waondolewe, ili eneo hilo liwe la wafugaji Wazungu peke yao. Watu wetu waambiwe wahamie Kingori.

Watu walikataa. Walikataa kwa mdomo, kwa barua na kwa mikutano. Mwaka 1951 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipotembelea Tanganyika, kwa kuwa nchi yetu ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo, wazee wa Meru waliupelekea malalamiko yao. Hata hivyo mwezi Novemba 1951 polisi waliingia. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa, mifugo ikaswagwa.

Ndugu zangu, angalieni jinsi watu wale walivyofanya siku zile. Hawakushika mikuki. Walikuwa na mikuki, tena walijua kuitumia. Hawakukubali kwenda Kingori, wala hawakupokea fidia, kwa sababu walijua kwamba anayepokea fidia ametia sahihi. Wengi walikwenda kuishi kwa ndugu zao huku milimani, wakabanana jikoni na mbuzi. Kisha wakachanga. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba walitoa shilingi zao, na wale ambao hawakupoteza kitu walitoa pia, ili mtu mmoja apelekwe ng'ambo kuwasemea.

Mtu huyo alikuwa Kirilo Japhet. Akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York mwezi Julai 1952. Mtu wa mlimani aliongea mbele ya mataifa kuhusu mashamba ya Ngare Nanyuki. Mwishoni mwa mwaka huo suala lilifika mbele ya Baraza Kuu. Azimio la kuwataka Waingereza waturudishie ardhi lilipata kura nyingi, lakini halikufikia theluthi mbili zilizotakiwa. Likaanguka.

Kwa hiyo siku ile hatukushinda. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi tunasimulia kesi ya ardhi ya Meru kana kwamba ilikuwa ushindi tangu mwanzo. Watu walichanga, mjumbe akaenda, akasema kweli, akarudi mikono mitupu. Lakini hakurudi kuwaambia watu wachome mashamba ya walowezi. Alizunguka akieleza yaliyotokea. Watu wa sehemu nyingine za Tanganyika walisikia kwamba kumbe inawezekana mnyonge kumshtaki mtawala mbele ya mataifa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, ili isisahaulike.

Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini watu walikubali kumpa mtu mmoja fedha za kijiji kizima na kumwacha avuke bahari? Leo sisi tunaogopa kumpa mweka hazina wa kwaya nauli ya kwenda Arusha mjini! Nadhani jibu limo katika madaftari. Watu wale walikuwa wamekulia katika vikundi ambavyo hesabu ilisomwa hadharani: ukoo mbele ya washili, usharika mbele ya wazee. Imani ya kumtuma Kirilo haikuzaliwa mwaka 1951. Ilikuwa imewekwa akiba, mkungu kwa mkungu, tangu zamani.

3. Mishumaa ya Leipzig

Kabla sijafika kwenye kurasa zilizo wazi, niruhusuni nivuke bahari kwa dakika chache, kwenda katika mji ule uliotuletea Injili. Leipzig, yaliko makao ya shirika lililowatuma Ovir na Segebrock, ulijikuta baada ya Vita ya Pili ndani ya Ujerumani ya Mashariki, chini ya chama kimoja, polisi wa siri na ukuta. Tangu mwaka 1982 Wakristo wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai walikuwa wakikutana kila Jumatatu jioni kuombea amani. Kwa miaka mingi walikuwa wachache. Hakuna gazeti lililowaandika.

Tarehe 9 Oktoba 1989 hali ilikuwa ya hatari. Askari na polisi walijaza mji, na watu waliogopa kwamba damu itamwagika. Chama kilipeleka wafuasi wake mamia kukaa kanisani tangu mchana, ili waombaji wakose nafasi. Mchungaji Christian Führer hakuwafukuza. Waliketi, wakasikia neno la Mungu pamoja na wengine. Ibada ilipokwisha watu walitoka nje na kukuta umati, na watu wapatao 70,000 walitembea mjini usiku ule. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Mchungaji Führer alikuwa akieleza jambo dogo ambalo mimi nalipenda sana. Alisema kwamba mtu anayetembea na mshumaa uwakao anahitaji mikono yote miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga usizimwe na upepo. Hana mkono uliobaki wa kushika jiwe.

4. Kurasa zilizo wazi

Sasa ndugu zangu, niseme la kwetu.

Mwaka ule wa 1989 sisi tulisikia redioni habari za Leipzig, tukashangilia. Mwaka uliofuata tulianza kugombana sisi wenyewe. Kati ya mwaka 1990 na 1993 Walutheri wa Meru waligawanyika kwa ajili ya suala la dayosisi. Wapo waliotaka dayosisi mpya, na wapo waliotaka kubaki tulipokuwa. Sitasema leo ni nani alikuwa na haki. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na pande zote mbili zilikuwa na watu waliompenda Mungu. Lakini sote tunajua yaliyotokea. Nyumba zilichomwa. Migomba na mibuni ilikatwa. Watu waliumizwa. Ndugu wa tumbo moja waliacha kuzikana. Watoto wa wale waliotendewa hivyo na Serikali ya kikoloni mwaka 1951 walitendeana hivyo wao kwa wao, tena walitoka kwenye ibada moja.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na Katibu wa Baraza la Wazee. Jirani yangu, ambaye shamba lake na langu vimetenganishwa na mstari wa masale, alikuwa upande wa pili wa mgogoro. Alikuwa amenizidi umri. Ndiye aliyemdhamini mtoto wangu wa kwanza katika ubatizo. Ameshalala sasa, na watoto wake wamo humu ndani. Nimewaomba ruhusa kusimulia haya, nao wamenipa.

Jioni moja walikuja kwangu vijana watatu niliowafundisha darasa la saba. Hawakuingia ndani. Walisimama uani wakaniambia, kwa heshima zote, kwamba usiku ule wangekwenda kwa jirani kukata mibuni. Sijui kwa nini walikuja kuniambia. Kwa miaka mingi nilidhani walikuja kujigamba. Siku hizi naamini walikuja kukatazwa. Mtoto hamwambii mwalimu wake jambo kama hilo ila anatafuta mtu wa kumzuia.

Nilijibu maneno mawili tu: "Mimi sijasikia."

Wakaondoka. Nikaingia ndani, nikala, nikalala. Au niseme nililala kitandani. Nilisikia mapanga. Kulipokucha, mibuni ya jirani yangu upande wote wa mfereji ilikuwa imelala chini, na matunda yake yalikuwa yanakaribia kuiva. Ilikuwa karo ya watoto wake.

Siku chache baadaye alikuja shuleni kwa ajili ya mtoto wake. Nilipaswa kumwamkia "shikamoo", lakini neno halikutoka. Aliniuliza swali moja, "Mwalimu, usiku ule ulilala?" Nikamwambia nililala. Akasema, "Basi una bahati." Akachukua karatasi za mtoto, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata, nilipaswa kuandika kumbukumbu katika daftari la usharika. Nilishika kalamu, nikashindwa. Kama ningeandika kweli, ningejiandika mwenyewe. Kama ningeandika uongo, wale wazee wa ndizi mikungu miwili wangenishtaki. Basi nikaacha ukurasa. Wiki iliyofuata nikaacha mwingine. Ndivyo zilivyopatikana kurasa zile ambazo vijana wa Kamati waliziona.

Nabii Obadia anawakemea watu wa Edomu kwa sababu siku ndugu yao Yakobo aliponyang'anywa, wao walisimama kando, na nabii anawahesabu kuwa kama mmoja wa wanyang'anyi.  Nilipokuwa kijana nililiona neno hilo kuwa kali mno. Sasa sioni hivyo.

Ilinichukua miaka kadhaa kufanya kilichonipasa. Asubuhi moja nilikata jani la sale, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa na wazee wetu mtu anapokwenda kuomba msamaha, nikavuka mpaka. Jirani yangu alikuwa anapalilia. Nikamwambia yote, nikataja na yale maneno mawili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo, maana mmoja wa vijana alikwisha kumwendea. Alilichukua lile jani. Baadaye aliniomba nimletee mche wa sale, akaupanda mwenyewe pale ulipokuwa mwanya katika mpaka wetu. Upo hadi leo. Hakunifariji, wala hakuniambia kwamba si kitu. Alinisamehe, na hayo ni mambo mawili tofauti.

5. Tufanye nini?

Ndugu zangu, siwaelezi haya ili mniangalie mimi. Nawaeleza kwa sababu msukosuko haujaisha duniani, wala hautakwisha. Siku ya Uchaguzi Mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, nchi yetu iliona mambo ambayo wengi tulidhani ni ya nchi nyingine. Kulikuwa na maandamano katika miji, watu walipoteza maisha, intaneti ilizimwa, na wazazi walikaa wakingoja watoto ambao simu zao hazikupokelewa. Hapa usharikani tumo watu wa vyama mbalimbali, tumo wenye watoto polisi na wenye watoto waliokuwa barabarani. Sote tunashiriki meza moja ya Bwana. Kwa hiyo swali la vijana kuhusu kurasa zilizo wazi si la historia tu.

Nina mambo machache ya kupendekeza.

La kwanza, tuwe watu wa hesabu wakati wa amani. Viongozi wa vikundi, kwaya, vikoba, shule na vijiji, someni mapato na matumizi mbele ya watu hata kama hakuna aliyeuliza. Usharika usioweza kuaminiana juu ya shilingi elfu kumi hautaweza kuaminiana siku ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekwisha kuona ukuta ukianguka.

La pili, tudai haki yetu kwa njia iliyo wazi, kwa jina letu na kwa sahihi yetu. Watu wa Ngare Nanyuki hawakunyamaza. Mkristo anayemwambia aliyeonewa kwamba anyamaze ili pawe na amani, hajaisoma historia ya Kanisa lake. Barua, mkutano, mahakama, kura, maombi ya pamoja, kukataa kutia sahihi uongo: hizo ndizo silaha walizotuachia. Lakini walituachia pia mikono isiyo na damu, na hiyo nayo ni sehemu ya urithi. Anayechukua la kwanza na kuacha la pili amechukua nusu.

La tatu, nasema hasa na viongozi, wa Kanisa na wa Serikali. Vijana wakija uani kwako jioni kukuambia wanalotaka kufanya, usiseme hujasikia. Wazuie. Kaa nao hadi asubuhi ikibidi. Na kama wamekuja kulalamika juu ya jambo la haki, nenda nao kwa mwenye kujibu, usiwaache waende peke yao. Kiongozi anaweza kuwa na hotuba nzuri na gari zuri, lakini uongozi wake utapimwa kwa jibu atakalotoa uani, wakati hakuna anayesikiliza.

La nne, tuandike. Kanisa lisiloandika makosa yake huyarudia. Nabii Yeremia aliwaandikia wale waliokuwa uhamishoni Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji walimo, kwa kuwa amani yao imo katika amani ya mji huo. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Mtu anaweza kukumbuka na kujenga kwa wakati mmoja, na nadhani hawezi kujenga kwa muda mrefu bila kukumbuka.

Kamati iliniuliza kama ingefaa kuziruka kurasa zile katika kitabu hiki, kwa kuwa ni cha furaha na wageni wataona. Niliwajibu kwamba wageni wetu nao wana madaftari yao. Nikaomba nisome mada hii, na kwamba ichapishwe kama ilivyo.

Na leo, kwa idhini ya Baba Mchungaji na Baraza la Wazee, nimekuja na daftari lenyewe. Baada ya ibada ya Jumapili nitaketi ofisini na kalamu. Nitaandika ninayoyajua, kwa jina langu, wala sitataja jina la mtu mwingine asiyependa kutajwa. Kurasa nyingine nitaziacha, maana si zangu. Kama yuko mtu mwenye jambo la kuandika, wa upande huu au wa upande ule, mlango utakuwa wazi. Asiyependa kuandika, aje tu akae. Tutawasha taa, na mama watatuletea chai.

Miaka mia moja ijayo, vijana wengine watafungua madaftari haya. Mungu atujalie wasikute tena mahali ambapo watalazimika kuuliza, "Hapa palitokea nini?"

Mungu aubariki usharika wetu. Mungu aibariki Dayosisi na Kanisa lake. Mungu aibariki Tanzania.